Sala Ndefu ya Nabalayo

Nabalayo wa Kayole alikuwa na sifa mbili kanisani: hakuna aliyempiku kwa kupiga ngoma, na hakuna aliyemshinda kwa kurefusha sala. Akifumba macho kuomba, watoto walilala, wakaamka, wakamkuta bado yuko kwa wagonjwa, hajafika kwa wasafiri.

Mwaka ule wa mvua ya El Nino kiwanja cha kanisa kilinyakuliwa na mtu wasiyewahi kumwona, na mabati yao yakang'olewa. Wakaamua kusali majumbani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa kuwa majumba ya Kayole yanafanana, ngoma ndiyo iliyowaongoza: Nabalayo aliipiga Jumapili asubuhi, nao wakafuata sauti mpaka mlangoni. Lakini watu walizidi kupungua, hadi siku moja wote wakaenea kwenye kochi moja.

"Mama Wasike, wiki ijayo ni kwako," Mchungaji Musyoka alimwambia Nabalayo kwa huzuni. "Tukiwa hivi tena, afadhali kila mtu ajitafutie kanisa lingine."

Maneno hayo yalimkata maini. Kanisa lile ndilo lililompokea alipotoka Bungoma hajui mtu. Likivunjika, angekuwa mgeni Nairobi kwa mara ya pili.

Jumapili ikafika na mvua yake. Ngozi ya ngoma ilikuwa imelegea kwa unyevu, ukiipiga inaguna tu. Nabalayo akafanya kama wafanyavyo kwao: akawasha jiko kwenye roshani, akaiegemeza ngoma karibu na makaa ili ngozi ikaze. Ni kazi ya muda mfupi. Akaona muda huo usipotee bure, akafumba macho aombe kidogo.

Aliliombea kanisa. Akamwombea mchungaji, akawaombea waliokata tamaa kwa majina yao, hata yule mnyakuzi, ingawa huyo alimwombea akiuma meno. Alikuwa amefika kwa wajane pale mumewe, Shiundu, alipomgusa bega.

"Mama Wasike, umeomba mpaka ngoma imeiva."

Ngozi ilikuwa imepasuka katikati, inanuka kama kichwa cha mbuzi kinachochomwa. Nabalayo akaketi chini, akalia. Kisha akamwona Shiundu anavyojibana asicheke, na kicheko kikamtoka yeye kwanza.

"Sasa watajuaje tuko wapi?" akauliza akijifuta machozi.

"Kwani mdundo uko kwa ngoma ama kwa mikono yako?"

Nabalayo akaingia ndani, akatoka na karai la kufulia. Akaligeuza, akalipiga kwa mdundo ule ule. Madirisha yakafunguka jumba zima. Ndindi, jirani wa ghorofa ya juu, akashuka mbio.

"Mama Wasike, kuna mwizi?"

"Hakuna, ni ibada. Karibu."

Haukupita muda, watu wakaanza kupanda ngazi, viatu mkononi, matope hadi magotini. Waliingia mpaka chumba kikakosa nafasi.

"Mlikuwa wapi siku hizi zote?" Nabalayo akamuuliza mzee Mukhwana.

"Tulikuwa tunawatafuta, mama. Kila Jumapili tunazunguka majumba mpaka tunachoka. Tangu mvua ianze, hiyo ngoma yako haisikiki."

Nabalayo akalitazama karai lake. Moyo wake ulijaa furaha tele. Mchungaji Musyoka alifika akakosa pa kuingilia, akasimama kwenye ngazi.

"Mama Wasike," akaita kutoka huko, "tufungulie kwa sala."

Nabalayo akafumba macho. Shiundu akainuka polepole, akaenda kuiepua chai ya wageni motoni.