Nilipunguza watoto wa Mama Nabwire ubaoni, darasa likanidai niwarudishe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Kabla sijaona mwanafunzi hata mmoja, nilisikia majembe. Kila aliyefika kutoka shamba aliegemeza lake nje, kwenye ukuta wa mabati: gwaa. Nikahesabu gwaa kumi na moja, nikajua darasa limetimia.

Hapo ni kijijini Dabani, nafundisha watu wazima hesabu. Kazi yangu hasa ni kuandika riwaya isiyoisha, lakini mwalimu wao alihamia Tororo, nikabaki mimi.

Mwenye haraka alikuwa Mama Nabwire. Kesho yake alikuwa na intavyu: akijua kujumlisha na kutoa, anapewa kazi ya kugawa vidonge vya malaria kijijini. Aliitaka kazi hiyo kuliko usingizi.

Nikaandika: Mama Nabwire ana watoto 6, toa 2.

"Mwalimu," akasema Mzee Wandera, "unatoa unapeleka wapi?"

"Ni mfano tu, mzee."

"Mfano iko na jina la mtu. Rudisha watoto ya wenyewe kabla jua haijazama."

Nimekulia mjini, nikasahau kwamba huku watoto hawahesabiwi kwa kuogopa mkosi, sembuse kupunguzwa kwa chaki.

Nikafuta. Wakasema kufuta ndiyo kuzika kabisa.

Nikaandika 4 + 2 = 6. Wandera akauliza kama hao wawili ni walewale, au nimeokota wengine kijiji cha Mukuju.

Mama Nabwire akainuka, akatoka. Nikajua nimemharibia.

Akarudi amekumbatia majembe sita.

"Achana na watoto, mwalimu. Jembe inahesabika."

Akayalaza sakafuni, akasukuma mawili pembeni. "Nne." Akayavuta. "Sita." Kisha, bila kuulizwa: "Vidonge kumi na mbili, nikigawa tatu, nabaki na tisa."

Darasa likashusha pumzi, isipokuwa wenye majembe, waliokuwa wakigombania lipi la nani.

Nilichojifunza: kabla hujamfundisha mtu kuhesabu, muulize kwanza nini hakihesabiwi. Kwenu ni nini? Niambieni hapo chini.

Intavyu alipita. Alikuja kuaga, mfuko wa vidonge begani, nami nikamuuliza polepole kama ile sita yangu ya kubuni ilikaribia ukweli.

"Mimi napakulia watoto sahani saba," akasema. "Ile siku ulianza na mmoja ameshapotea. Nilinyamaza tu, wazee wasikupige."

Akafunga mlango nyuma yake.