Mlango wa Baba Mkwe

Leo nimebomoa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe, na sijutii hata tofali moja.

Ni hii ninayojenga hapa Kasulu kwa maharage yangu, gunia kwa gunia. Vyumba vitano, milango mitatu ya nje. Wa tatu ni wa chumba cha baba mkwe, chenye bafu na choo chake. Upana sentimita tisini, apite na mkongojo wake.

Asubuhi nafika, mlango huo umezibwa kwa tofali.

"Mama, shemeji yako ndiye aliyeagiza jana," fundi akasema.

Shemeji, ndugu wa mume wangu, naye yupo, mikono mfukoni. "Shemeji, nyumba ya kisasa haina milango mingi hivyo. Watu watasema umemtenga mzee."

Sasa, kwetu Waha mnajua heshima ya ukwe. Mzee amekataa kuhama kijijini Kitanga miaka miwili kwa sababu moja tu: hataki kupishana na mimi, mke wa mwanawe, koridoni akitoka kuoga. Ndiyo maana nilichora mlango ule. Shemeji hajawahi hata kumwuliza baba yake.

Nikampigia mzee, nikaweka spika.

"Baba, mlango wako wameuziba."

Akajibu, "Basi, mwanangu, mimi nitabaki huku huku."

Shemeji akatazama chini. Mimi nikachukua nyundo ya fundi. Saruji ilikuwa bado mbichi.

Saa nne nikapiga tena. "Baba, uko wazi. Njoo Jumamosi uupime mwenyewe."

"Nitakuja na godoro," akasema.

Haya, wataalamu wa nyumba za kisasa, nawasikiliza.