Mashine Isiyozimwa

Ilikuwa mwaka sabini na tatu. Hapana, nadanganya, sabini na tatu bado kila mtu alikuwa anakaa shambani kwake. Tuseme sabini na sita, maana watu walikuwa wameshahamishiwa kijiji cha ujamaa, njia ya kwenda Msanzi, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Mimi nilikuwa nazunguka nikiuza ugoro wangu, na pale nilikaa sana kwa sababu ya pombe ya ulezi.

Mashine ya kusaga ya kijiji aliiendesha Zenon, kijana wa mabega mapana, ameoa juzijuzi. Babu zake waliyeyusha chuma katika yale matanuru marefu ya udongo. Mwiko wao ulijulikana: tanuru likiwaka, fundi hamgusi mkewe, chuma kitaharibika. Basi Zenon akaamua kwamba mashine nayo ni chuma chenye moto. Msimu wa mavuno akishaiwasha, haizimi. Mahindi yapo, hayapo, inanguruma tu, na yeye analala papo hapo juu ya magunia.

Mwenyekiti wa kijiji, Adolfu, aliililia dizeli.

"Ndugu Zenon, izime basi! Hakuna anayesaga!"

"Ikipoa itagoma, Mwenyekiti. Utazungusha hendeli wewe?"

Mwenyekiti alikuwa na tumbo kubwa. Akaitazama hendeli, akaenda zake.

Aliyeumia hasa ni Dominika, mke wa Zenon. Alitaka mtoto, na mama mkwe alishaanza kumkagua tumbo kila akipita. Mchana mmoja, wanawake wako kwenye foleni na madebe yao, akaingia.

"Zenon! Wenzangu wanawaita waume zao baba fulani. Wewe nikuite baba nani? Baba Dizeli?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mke wangu, si unaona inawaka."

"Naiona. Baridi yote hii ya Juni, yenyewe inalala na mwanamume, mimi nalala na mbuzi."

Bibi Albina akachochea toka nyuma: "Mwambie, mwanangu! Na hiyo mashine mbona haijazaa?"

Dominika akavua kanga ya mabegani, akaisokomeza kwenye tundu ambamo mashine huvutia hewa. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikafa. Tukasikia kuku. Tulishasahau kama kijiji kina kuku.

"Haya, imezimika. Mwiko uko wapi sasa?" Akamshika mumewe mkono, wakaenda zao.

Foleni ilisubiri mpaka jua likainama, na hakuna aliyelalamika. Zenon akarudi anapiga mluzi, akazungusha hendeli, mashine ikawaka bila kugoma. Tangu hapo aliizima foleni ikiisha, na siku nyingine hata kabla haijaisha.

Wakamzaa Silvana, kisha mapacha. Nami kila nikipita kule humuuliza Zenon swali lilelile, na yeye hunimiminia pombe tu, huku akitazama kwingine: ndugu yangu Zenon, kule kwenye magunia ulikuwa unaogopa mwiko wa babu zako, au ulikuwa unamwogopa Dominika?