Kiprono na Miche Yake

Kikaratasi cheusi cha nailoni kinachokuziwa mche kikichanwa, hutoka harufu ya samadi iliyoiva na mchanga wa mto. Kazini kwetu tunachana vikaratasi hivyo kila mvua zikianza, na wenzangu hupiga soga tu. Mimi huinama nikanusa. Harufu ile hunirudisha shuleni Subukia, nyuma ya madarasa, nikiwa darasa la sita.

Ujue kwanza kwamba shamba la shule yetu lilikuwa mahali pa adhabu. Ukichelewa, jembe. Ukiongea lugha ya mama, jembe. Mwalimu mkuu, ambaye tulimwita Komesha akiwa mbali, alipenda kusema, "Udongo uwahi ungali maji," na kila akisema hivyo alikuwa anakunja mkono wa shati.

Ndipo akaletwa Mwalimu Rose wa sayansi, mwanamke mfupi mwenye gambuti zilizomfika magotini, akaanzisha klabu ya shamba. Tulicheka. Nani anajipeleka kwa adhabu mwenyewe? Mimi nilienda kwa sababu tuliahidiwa karoti. Kiprono alienda kwa sababu alipenda udongo.

Kiprono alikuwa mkubwa kuliko sisi sote darasani, na kusoma kwa sauti kulimtoa jasho. Lakini akitoka msituni mifuko ilijaa mbegu, na karibu zote zilimwotea: miti ya mukinduri, mizambarau, hata podo isiyoota upesi, ambayo tulikuwa tumeikatia tamaa. Aliisalimia miche yake kila asubuhi kama anayesalimia watu wazima. Siku moja Mwalimu Rose alimwambia mbele yetu, "Kiprono, kuna watu wameajiriwa kufanya hivi. Wamesomea."

Kiprono aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. Mimi pia niliitazama yangu.

Kisha siku moja Kiprono akachelewa. Alikuwa amepitia mtoni kuchota mchanga wa miche. Komesha akampa jembe, na Kiprono akaenda kulima huku akipiga mluzi. Wadogo wakaanza kuchekelea. Niliona Komesha akisimama dirishani, akiusikiliza ule mluzi mpaka ukaisha.

Matokeo ya mtihani yaliposomwa kwenye gwaride la asubuhi, Komesha alimwita Kiprono mbele.

"Wa mwisho tena. Na nasikia unataka kuajiriwa kupanda miti. Nenda ung'oe hiyo miche, uilete hapa."

"Yote, mwalimu?"

"Yote."

Mwalimu Rose alisogea. "Mwalimu, hiyo ni kazi ya watoto wote."

"Basi msaidie, madam."

Walimu wengine wakacheka, na shule nzima ikafuata. Mwalimu Rose alibaki amesimama palepale.

Kiprono aliing'oa polepole, udongo ukiwa bado umeshika mizizi, kama unavyong'oa mche utakaoupanda tena. Komesha aligundua. "Kanyaga," akasema. Kiprono akamwangalia, akaiangalia miche. Akakanyaga. Podo ndiyo aliyoiacha mwisho.

Tulipotoka kwa chakula cha mchana Kiprono hakurudi, wala kesho yake, wala tena. Muhula uliofuata Mwalimu Rose alihamishwa.

Miaka mingi nilidhani Komesha alichukia miti. Hapana, hakuwa na habari na miti. Ni ule mluzi. Mtoto anayefurahia jembe ameiharibu adhabu ya shule nzima, na mtu wa aina ile lazima atafute mahali pengine pa kukuumiza. Alipapata.

Leo mimi ni afisa wa misitu. Mwaka jana nilimwona Kiprono katika mji wa Mai Mahiu akipakia magunia ya viazi kwenye lori. Alinitambua kabla sijamtambua. Nilimwambia kitalu chetu kinahitaji watu, na kwamba yeye sihitaji kumfundisha kitu.

"Achana na hayo, Wambui," alisema kwa upole, akajitwika gunia jingine. "Salimia watoto."

Vijana wa klabu za shamba huniuliza nani alinitia moyo, nami humtaja Mwalimu Rose, na ni kweli. Nisichowaambia ni kwamba mwenye kipaji alikuwa mwingine. Mimi niliipenda ile miche vilevile, ila nilikuwa mtoto wa kimya, uso wangu hausemi kitu. Komesha hakuwahi kujua. Ndiyo maana nilifika hapa nilipo.