Gari Nyekundu ya Bei ya Mbuzi Kumi na Mbili

Ile haya, ile aibu niliyoikula mbele ya bantu ba Beni, sijaimaliza mpaka leo, na kama munaniona ninacheka wakati ninaielezea, mujue ni miaka njo imenifundisha kucheka, juu siku yenyewe nilitaka udongo ipasuke inimeze, mimi pamoja na gari yangu. (Hata sasa nikipita kule kwa bakwe zangu, kuko mama moja muuza makala ya kupikia ananiitaka Monsieur Sport. Miaka yote hii! Mama, si usahau kidogo?)

Ilikuwa wakati wa rébellion, wakati wa vita. Mimi nilikuwa kijana, nauzisha pièces za kinga, vipuri vya baiskeli, hapa Butembo, minyororo, mipira, pédales, na kazi ilikuwa inaenda, juu wakati ule mutu wa kinga alikuwa analala vizuri kuliko mutu wa gari. Basoda na bunduki zao bakiona gari yako banaichukua, banasema ni réquisition, kisha unasikia imeonekana kule karibu na Eringeti bila milango, ao hausikie kitu kabisa. Donc bantu balikuwa banatoa mipira ya magurudumu, banaweka gari juu ya matofali ndani ya parcelle, nyuma ya nyumba, banaifunika na bâche na majani ya ndizi, na kila mwenye gari alikuwa anatafuta mutu wa kumuuzishia hiyo wasiwasi yake.

Ndipo kulikuwa muzee moja wa biashara ya kahawa, tumuite tu Patron, aliyeletaka gari ya sport toka Dubai kabla mambo haijaharibika. Nyekundu! Milango mbili, juu ya kichwa kidirisha kya kufungua, chini-chini hivi, ukisimama pembeni yake inakufika kiunoni. Mwanzo Patron alitaka bei ya nyumba ya matofali. Kisha bei ya ngombe sita. Kila siku ya Mungu tukitoka misa alikuwa anasimama kando ya barabara, anasalimia bantu kuliko hata padiri, na bei imeshuka tena. Hakuna aliyeitaka. Volant, usukani wake, iko upande wa kuume na sisi hapa ni wa kushoto, essence, ile petroli, inakunywa sana, na mufuko moja wa maharagi hauingie. Hapa kwetu gari yenye haibebe muzigo ni ya nini?

Mais mimi nikajiona niko na akili kuliko Butembo muzima. Nikasema: basoda habawezi kuchukua gari yenye haibebe basoda sita. Na kule Beni kuko mufanya biashara ya mbao alishatuma habari kama anatafuta gari ya sport, atalipa mara mbili ya ile Patron anaomba sasa. Ninunue hapa, niuze kule, nibaki na faida. Siku moja tu!

Shida ilikuwa moja: Patron alifika kwa bei ya mbuzi kumi na mbili, na mimi sikuwa na feza, nilikuwa na mbuzi kumi na mbili. Na hazikuwa zangu.

Zilikuwa za Mama. Mama yangu alikuwa anakaa Lubero, kule kwa baridi, mujane, analima viazi, na toka Papa alikufa alikuwa ananunua mbuzi moja-moja, anazilisha, anazifungia mulango yeye mwenyewe, juu siku moja Kambale wake, ni mimi huyo, aoe. Na Kambale alishapata wa kuoa: Masika, binti ya mwalimu wa Beni, musichana wa kucheka polepole na kuangalia mutu mpaka anasahau alichotaka kusema. Tulikuwa tumepatana na baba yake: mbuzi kumi na mbili, siku ya posho, ile Jumamosi. Mama alinipatia mbuzi zote siku tatu mbele, nizishushe Butembo kwa miguu. Alizibariki moja-moja. Ile ya kutangulia, yenye zingine zinafuataka, ilikuwa na sikio moja nyeupe, na kamba yake Mama aliifungua, akabaki nayo. "Hii nitaifunga mimi mwenyewe pale kwa mulango ya bakwe," akasema, "nimupatie Mwalimu mu mukono yake."

Munaona sasa mimi ni mutu wa namna gani.

Rafiki yangu Katembo, mécanicien, fundi wa gari, aliniambia neno moja tu: "Lala chini, uangalie tumbo ya hiyo gari." Sikulala. Nilikuwa nimevaa pantalon mupya. Niliweka tu mukono juu ya capot, kifuniko kya moteur, asubuhi mapema, nikasikia joto, nikasema, ah, gari hii inapendwa, bameishaipasha moto. (Mwenye kununua gari, sikiliza: ukikuta moteur ina joto mbele ya wewe kufika, ni kusema bameamuka mbele ya jogoo kuhangaika nayo mpaka ikubali kuwaka.) Siku ya tano, Ijumaa, asubuhi nikauzisha mbuzi zote pa soko, nikamupa Patron feza, akanipa funguo, akanikumbatia. Akanikumbatia sana! Ningepaswa kujua.

Saa sita Mama akafika na camion, lori ya viazi toka Lubero, kitenge mupya, kamba imekunjwa mu mukono.

"Mbuzi ziko wapi?"

"Zimetangulia, Mama. Nimezipandisha camion ya Beni."

Akaniangalia. "Ah bon," akasema. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake, bajomba, bandugu ba Mama, bakajipanga kupanda camion, na mimi nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu, nifike kwa mutu wa mbao, niuze, ninunue mbuzi kumi na mbili pa soko ya Beni, feza zingine zibaki faida, hakuna atakayejua. Mais Mama akasema: "Mimi naenda na mutoto wangu." Utamukataza vipi? Tukamushusha ndani ya kiti, bajomba babili banamushika mabega, na alipofika chini akasema: "Kambale, hii gari bameikata miguu?"

"Ni sport, Mama."

"Sport ya nini?"

Nikawasha moteur. Na njia, munaijua. Mvua ilikuwa imenyesha. Kila jiwe lilikuwa linagonga tumbo ya gari, na mimi kila mara nilikuwa nasikia kama ni tumbo yangu. Mama alikuwa anaona magoti tu, magoti ya bantu banaokwenda shamba, akawa anayasalimia vilevile: "Wabukire, wabukire," na bantu banainama kutafuta ni nani ako anabasalimia toka chini. Mbele kidogo tuyau ya moshi ikaanguka, tukaiacha, na gari ikaanza kulia mpaka kuku zinakimbilia mu mihogo.

"Kambale," Mama akapaza sauti, "mbuzi zimetangulia?"

"Ndiyo, Mama. Ziko mbele."

Tukafika kwa barrière, mahali basoda banafunga njia. Nikasema: sasa ni réquisition. Basoda bane bakatoka, bakazunguka gari, moja akainama, akanitazama mimi, akatazama Mama, akatazama mahali tuyau ilikuwa imeanguka. "Mawa! Masikini!" akasema, na bakaweka silaha pembeni, bakatusukuma. Bakasukuma mpaka juu ya kilima, bila kuomba hata sigara! Vita ile yote, sijasikia mutu mwingine aliyehurumiwa namna ile. Mama akafungua kidirisha kya juu, akatoa mukono, akabaambia: "Wasingya, asante, batoto wangu."

Beni. Mutu wa mbao alikuwa nje ya dépôt yake. Yeye hakuvaa pantalon mupya. Akatandika gunia, akalala chini, akakaa kule muda murefu, akagonga hapa, akagonga pale, kisha akatoka anapangusa kutu mu nywele.

"Chini imeoza," akasema. "Bameipaka rangi juu ya kutu. Nitakupa bei ya mbuzi mbili, ni ya viti tu."

"Mbuzi mbili! Si ulisema..."

"Nilisema mwezi uliopita, kijana. Mwezi uliopita bantu balikuwa bangali banafikiri kubaki. Juzi daktari moja aliyekimbilia Kampala ameniachia jeep muzima kwa bei ya mbuzi kumi. Jeep! Sasa wewe unaniletea sahani."

Nikarudi mu gari. Mama alikuwa amebaki pale chini kwa kiti chake (kumutoa ilikuwa kazi), ameweka kamba juu ya magoti.

"Alikuwa anasema nini?"

"Ananionyesha njia, Mama."

"Na mbuzi? Zimetangulia kweli?"

"Ziko mbele," nikasema.

Ningesimamisha gari pale barabarani. Ningeshuka, nipige magoti. Mais nilisikia nyimbo. Bamama ba upande wa Masika balikuwa banatungoja mu kanjia ka kuingia kwao, vitenge vya namna moja, na mbele yao Mwalimu mwenyewe, costume nyeupe, mukono moja mu mufuko. Nikasema: niingie tu kwa nguvu, kama bwana, mengine tutaona. Nikakanyaga.

Katikati ya kanjia kulikuwa kilima kidogo kya udongo. Kinga inapita juu yake, camion inapita, mbuzi zingepita. Gari yangu ikapanda na tumbo, ikakaa. Mipira inazunguka hewani, inarusha matope, na matope ikaenda yote, yote kabisa, kwa vitenge na kwa costume nyeupe. Nyimbo ikakatika. Mulango wangu ulikuwa umebanwa na lupango ya miti, mulango wa Mama umebanwa na ukingo wa udongo, na vioo vya dirisha havikushuka tena.

Kulibaki kidirisha kya juu.

Mwalimu akapanda juu ya capot. Bajomba, bakiwa ndio bameshuka camion, bakapanda nyuma. Mimi nasukuma toka ndani, bao banavuta toka nje, kwanza kilemba kya Mama kikatoka, kisha kichwa, kisha mabega, na bamama bote banapiga kelele, "Vuta! Polepole! Vuta!" Beni muzima ilikuwa imejaa pale. Siku hiyo mimi mutoto nilisimamia kuzaliwa kwa mama yangu. Kisha bakanivuta na mimi, hakuna aliyesema polepole.

Mama akasimama mu matope, akapanga kitenge chake vizuri. Kamba bado iko mu mukono. Mwalimu akapangusa uso na kitambaa.

"Mama, karibu kwetu. Gari tumeiona. Sasa mbuzi?"

Bote bakanigeukia. Ndipo Mama akasema, na ni mama anayesomaka masomo pa kanisa, sijawahi kumusikia anadanganya hata mutoto juu ya sukari: "Mwalimu, njia imekuwa mbaya na hii vita. Mbuzi zimechelewa. Zitafika."

Jamani. Hiyo njo ilinivunja. Ile haya ya gari niliweza kuibeba, mais kumuona Mama anajichafua kinywa juu yangu, hapana.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hazijachelewa. Niliziuzisha. Mbuzi zote njo hii gari."

Nikaona jomba moja anakaa chini polepole, mukono juu ya kichwa. Kisha Masika akatoka katikati ya bamama na beseni ya maji, akapita mbele yangu kama hanione, akapiga magoti, akaanza kuosha miguu ya Mama. Bila kuinua kichwa akasema: "Papa, gari yake imekwama kwetu. Atakwenda wapi?"

Mutu moja akacheka. Kisha kanjia muzima. Hata Mwalimu, matope mpaka kwa ndevu, akacheka, kisha akajikaza, akaniita karibu. "Kijana, bei ya gari inaweza kushuka mpaka ifike mbuzi moja, hiyo ni mambo yako. Sisi tulisema kumi na mbili, na inabaki kumi na mbili. Masika anasema atangoja. Nenda."

Jioni tulirudi na Mama juu ya camion ya mbao. Njiani Mama akaweka kamba mu mukono yangu.

"Camion ya viazi ilipitia pa soko siku ya tano," akasema. "Ile ya sikio nyeupe ilinijua sauti. Ililia."

"Mama... ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukapanda ndani ya ile gari?"

"Nilikuuliza mara tatu, Kambale. Nilikuwa nakungoja useme."

Nililia pale juu ya mbao mpaka Butembo, mutu mukubwa na ndevu zake, na Mama alinifunika na kitenge chake juu ya baridi, hakunigombeza hata neno moja. Angenigombeza ningejisikia vizuri.

Kuzirudisha mbuzi zile ilinikamata miaka mitatu. Nilianza na moja, jike, na basoda bakakula mbili njiani, nikaanza tena. Gari ilibaki mu parcelle ya Mwalimu, kuku za mama-mukwe zikaichukua, na banasema zilikuwa zinataga muzuri sana juu ya viti vile. Na tangu siku ile nimeapa: kitu kyenye bei yake inashuka kila siku ya Mungu, mimi napita mbali, na kama ni lazima nikinunue nalala chini mu matope na costume yangu ya ndoa. Na Mama akiniuliza kitu mara moja, hangoji mara ya pili.

Siku tulipeleka mbuzi, tulishuka camion pale barabarani, tukaingia ile kanjia kwa miguu. Ile kamba ya Mama ilikuwa kwa shingo ya mbuzi ya kutangulia, jomba anaivuta. Mama alikuwa amezeeka, anatembea nyuma, ameshika mukono yangu, macho haimusaidie tena sana.

"Kambale," akasema, "mbuzi zimetangulia?"

Nikazihesabu tena, juu ya kuwa hakika.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ziko mbele."