Kabichi Nyekundu

Gari nililolitamani lilikuwa la rangi ya fedha, na milango yake ilifungwa kwa sauti nzito, ya kujiheshimu. Lilikuwa Tanga, likiuzwa kwa bei ya kutupa. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijatulia: nimepasua mbao Shume, nimechuma chai karibu na Amani, nimeendesha magari ya watu. Mashine nisiyoijua ndiyo inayonivuta. Lile sikulijua hata kidogo.

Dada yangu mkubwa, anayelima mboga na mama bondeni karibu na Soni, alilitazama kwenye simu yangu akacheka.

"Hii ni kabichi nyekundu, mdogo wangu."

Mwaka mmoja marehemu baba alijaza shamba kabichi nyekundu, kwa sababu ilimpendeza kwenye picha ya pakiti ya mbegu. Ilistawi ajabu. Madalali wa Dar walikuja na malori, wakaisifu, wakapiga nayo picha, kisha wakapakia kabichi ya kijani ya jirani. Sisi tuliila na kuwalisha ng'ombe, mpaka nao wakaanza kutugeuzia shingo.

"Gari nanunua nipande, siyo niuze," nikamwambia.

"Baba naye alipanda."

Nikairudisha simu mfukoni. Yeye akaendelea.

"Wewe hata chumba cha kupanga hujawahi kukimalizia mwaka. Siku ukilichoka, nani milima hii atalichukua? Spea utatoa wapi? Fundi gani hapa Soni ameshalifungua?"

"Atakuwepo tu wa kulipenda."

"Kulipenda! Hata kabichi waliipenda. Nenda kaulize madereva stendi, wao wangenunua lipi."

Nilikwenda. Wote walinitajia aina moja: lile jeupe lenye mgongo mrefu, linalobeba watu asubuhi na matenga ya nyanya mchana. Nikalinunua kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Nilitaka angalau kulipaka rangi ya machungwa. Dada akakataa hata stika.

Mwaka jana mwenye kile kishamba cha bondeni, ambacho mama amekikodi tangu mimi mdogo, aliamua kukiuza. Kwa heshima akamwambia mama kwanza: akilipa kabla ya gulio lijalo, ni chake, asipolipa, yupo mwingine anayengoja. Mama hakuniomba kitu. Alipiga simu akauliza kama nimekula. Dada ndiye aliyenieleza.

Nikaliosha gari, nikashuka nalo stendi.

"Kaka, limeng'aa hivyo, unaoa au unauza?" dereva mmoja akanitania.

"Nauza."

Sijazima injini, ameshamwita mwenzake. Wakafungua boneti, wakalipeleka mpaka Mombo na kulirudisha, kisha wakaanza kubishana wao kwa wao nani alianza kuliona. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na funguo, kama mgeni kwenye mahari ya watu. Jua halijageuka, gari lilikuwa limeshauzwa. Fedha yake na akiba ya dada zikatosha, na jioni hiyo tukamlipa mwenye kishamba.

Zamani niliona kwamba anayenunua kitu huku akifikiria kukiuza hakipendi. Siku ile nilielewa kwamba lile gari jeupe lilikuwa na watu wengi wanaolihitaji, wasionijua wala kujua shida ya mama, na wote walikuwa tayari siku nilipowahitaji. La rangi ya fedha huenda lilikuwa bora barabarani. Lakini lingekaa kumngoja mpenzi wake, na gulio lingepita. Namshukuru Mungu kwa ukali wa dada yangu.

Asubuhi iliyofuata niliteremka bondeni kwa miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita kule, unanikanyagia miche."

Alikuwa akichimba shimo, refu kuliko la kabichi yoyote. Kando yake ulilala mche wa mpeasi, mizizi imefungwa kwa gunia bichi. Kwetu mwenye kukodi hapandi mti, maana mti ni kudai ardhi. Miaka yote ile mama alikuwa amepanda vitu vya kung'oa.

"Utazaa lini huu?" nikauliza.

"Maswali yako! Ushike unyooke."

Nikaushika, naye akarudishia udongo kwa mikono.