Habari za Goti

Mimi ni katibu wa timu ya kikapu hapa Songea, na ndiye niliyemsajili Kenani, nikijua fika kwamba goti lake liliwahi kupasuliwa. Siku ya kusaini nilimuuliza, "Habari za goti?"

"Nzuri, kaka."

Nikajiona daktari mzima, nikampa kalamu, kisha nikawatangazia viongozi wenzangu kwamba nimempima.

Mechi ya kwanza aliruka, akatua vibaya kwenye saruji, hakuinuka. Hatacheza tena.

Jana wodini, mbele ya viongozi wote, mama yake aliniuliza kwa nini nilimsajili mgonjwa. Nikajitetea kwamba nilimuuliza habari za goti, akasema nzuri.

Mama akamfunika mwanawe shuka. "Na mimi umeniuliza habari hapo mlangoni, baba. Nimekujibu nzuri."